Mwongozo kamili: kumsaidia mtoto mdogo aukubali mwili wake kwa kuchora, kutunga na kucheza, kwa vitu vya hapa hapa Lamu

Mtoto wa miaka minne hapa kwetu tayari anajua kama yeye ndiye mweusi wa nyumba ama mweupe wa nyumba, anajua kama ni bonge, kama ana kitwa kikubwa, kama nywele zake "hazichaniki". Hajayasoma popote, ametusikia sisi. Amesikia barazani, amesikia siku ya harusi wanawake wakijipamba na kusifiana rangi, amesikia mgeni akiingia mlangoni na kabla hajakaa kitako ashasema "mbona huyu amekonda hivi, kwani humlishi?" na mtoto mwenyewe amesimama pale pale ameshika leso ya mamake.

Mimi nafundisha watoto wa nasari, PP1 na PP2, yaani wa miaka 4 na 5, na haya ninayoandika unaweza kuyafanya nyumbani bila kununua vitu vya gharama. Ninaloliamini ni kwamba kumwambia mtoto "wewe ni mzuri" mara mia kunasaidia kidogo tu, kinachosaidia zaidi ni yeye kupewa nafasi autazame mwili wake, aufanyie kitu kwa mikono yake, halafu ausemee kwa maneno yake na mtu mzima akae amsikilize bila kumkatiza. Basi twende taratibu.

Hatua ya 1: Anza na midomo ya watu wazima

Hapa usiruke, manake ukichora naye asubuhi halafu jioni ukamuita "we kibogoyo" mbele ya wenzake ni kazi bure.

Kaa na watu wa nyumbani, mama, baba, bibi, shangazi, madada wakubwa, mkubaliane kwamba kwa muda hakuna kumuita mtoto kwa jina la umbo lake. Hakuna Bonge, hakuna Mkaa, hakuna Kijiti, hata kama jina lenyewe lina mapenzi ndani yake na kila mtu anacheka. Mtoto wa miaka mitatu hajui utani unaanzia wapi na unaishia wapi, yeye anachukua neno kama lilivyo. Na hakuna kulinganisha ndugu, ile ya "dada yako kachukua rangi ya babake, wewe umeachiwa ya babu". Hiyo inakaa miaka.

Sasa kuna jambo moja la kwetu lazima tulizungumze kwa heshima. Wazee wengi wanaogopa jicho la husuda, kwa hiyo mtoto akisifiwa wanamgeuzia, "aa, huyu mbaya tu huyu". Nia ni kumlinda, lakini mtoto anasikia neno moja tu, mbaya. Ukimwambia bibi aache atakuona umedharau, ni vyema umpe neno la kuweka mahali pake: mashaAllah. Linatosha, linamlinda mtoto kwa imani yetu na halimuumizi, na bibi wengi nimeona wanalikubali haraka ukiwaambia kwa adabu, "bibi, tuseme mashaAllah basi, huyu anaanza kuelewa".

Na badala ya kusifu umbo, sema mwili umefanya nini. "Umepanda ngazi zote peke yako leo." "Mikono yako imebeba kile kikapu mpaka nyumbani." Mtoto akizoea kusikia hivi anaanza kuujua mwili wake kwa kazi zake.

Simu pia. Zile filta za kung'arisha uso na kupunguza pua usimpigie mtoto picha nazo. Anajiona kwenye kioo cha kabati ni mtu mmoja, kwenye simu ni mtu mwingine mweupe zaidi na kila mtu anasema "hapo umetoka vizuri", unafikiri anajifunza nini hapo?

Hatua ya 2: Mwili wote uwe na majina

Wakati mzuri ni wa kuoga. Mtoto huanza kujitambua kwenye kioo kati ya miezi 18 na 24, kuanzia hapo unaweza kumtajia viungo kwa wimbo wa kupiga makofi, mtunge wenyewe, kiungo na kazi yake: mato ya kuonea, pua ya kunusia biriani, magoti ya kusujudia, unyayo wa kukanyagia mchanga. Watoto wa madrasa wengi wanafundishwa ile dua ya kujitazama kwenye kioo, ya kumuomba Mwenyezi Mungu kama alivyolifanya zuri umbo basi aifanye nzuri na tabia. Isomeni pamoja mbele ya kioo, inamwambia mtoto umbo lake limeshakuwa zuri, la kuombewa ni tabia.

Sehemu za siri nazo zina majina, uume na uke. Najua haya zetu, na mimi sisemi mtangaze mbele ya wageni, lakini mfundishe kwa sauti ya kawaida, bila kucheka wala kukunja uso, na umwambie hakuna mtu wa kuzishika isipokuwa anayemuogesha, ama daktari na mama awe hapo, na kwamba siri ya mambo ya mwili haiwekwi hata aliyesema ni mtu mkubwa wa kuheshimiwa. Mtoto asiyekuwa na neno la kiungo hawezi kusema kimeguswa. Kusalimia wakubwa na kubusu mkono ni adabu yetu na ibaki, ila kupakatwa na kukumbatiwa akikataa muache asalimie kwa mdomo, inatosha.

Hatua ya 3: Mwili mzima kwenye mchanga

Huu mchezo watoto wanaupenda kuliko yote. Subiri maji yakipwa, manake ufuko wa Shela unakuwa mpana na mchanga ni mgumu wenye unyevu, mstari unakaa. Chagua siku maji yanapokupwa mapema asubuhi ama baada ya alasiri, jua la saa sita si la mtoto.

Mtoto alale chali, mikono na miguu ipanuke anavyotaka yeye. Wewe chukua kijiti umfuatishe pembeni kuanzia kitwani, polepole, na kila unapofika umwambie, "sasa niko begani, sasa niko kwenye kiuno, sasa kisigino". Wengi wanacheka wakisikia kijiti kinapita karibu na ubavu. Akiinuka, mnyanyue ama mshike mkono aruke nje asiharibu mstari, halafu mwache asimame ajitazame. Nyamaza hapo. Kuna mtoto mmoja wa darasani kwangu alizunguka umbo lake kimya, akalala tena ndani yake kuhakikisha linamtosha, akainuka akasema, "kumbe mimi mrefu hivi!" Wenzake walikuwa wamezoea kumuita kifupi.

Halafu mpeni kazi ya kulijaza: simbi, makombe, mwani, makumbi, vifuniko vya chupa vilivyoletwa na maji. Muulize "hapa moyoni uweke nini? miguu yako inapenda nini?" Usimuwekee wewe. Akiweka mwani mwingi kichwani kuliko mwili mzima ni sawa, nywele zake anaziona hivyo.

Hamuwezi kwenda ufukweni? Chaki kwenye sakafu ya uani, ama fungueni mifuko ya saruji iliyotumika, ikung'uteni vizuri kabisa nje mkiwa bila watoto, vumbi la saruji linachoma ngozi na macho, tumieni upande wa karatasi ambao haukugusa saruji na mfuatishe hapo.

Kuna wazazi hawapendi watoto wachore sura za viumbe, kwa sababu ya dini, na mwalimu anafaa aulize kabla. Haiharibu kitu. Fuatisha umbo bila uso, chapa viganja na nyayo kwa rangi, ama tumia kivuli: tundika shuka nyeupe ukumbini, washa tochi nyuma, mtoto asimame katikati na mtazame kivuli chake kikicheza. Hakuna uso wala mchoro na mwili wake wote uko pale.

Na kwa wanaochora, jueni mtoto wa miaka 3 hadi 4 huchora mtu kama kichwa chenye miguu, hakuna tumbo wala kiwiliwili. Hiyo ni hatua ya ukuaji wa watoto wengi duniani. Usimwambie "tumbo liko wapi?" Mwambie "nieleze huyu ni nani" basi.

Hatua ya 4: Rangi ya ngozi yake aitengeneze mwenyewe

Kwenye paketi ya krayoni watoto wengi wanaita ile ya pinki hafifu "rangi ya ngozi". Ngozi ya nani? Darasa zima hakuna mwenye ngozi hiyo. Kwa hiyo ziwekeni pembeni mkapike rangi jikoni.

Koroga vijiko viwili vya unga wa ngano na maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, tia tone la gundi nyeupe ili ishike. Gawa kwenye vifuu. Halafu mpe mtoto vitu vya kutia rangi: kahawa nyeusi iliyochemshwa sana, majani ya chai, bizari ya manjano kidogo sana, udongo mwekundu uliochekechwa, na mkaa uliosagwa na kuloweshwa wewe mwenyewe ili asivute vumbi. Kazi yake ni kutia na kukoroga mpaka rangi ifanane na ngozi ya mkono wake. Anapaka tone kwenye mkono, anatazama, "bado", anatia kahawa tena. Hapo anautazama mkono wake kwa makini kuliko alivyowahi kuutazama, na atagundua kiganja si rangi ya mgongo wa mkono, na goti si rangi ya paja.

Ikipatikana aipe jina. Nimesikia haluwa, tende, kahawa chungu, mchanga wa Shela, boriti. Mtoto anayeitwa mweusi nyumbani akisema "mimi rangi yangu ni tende ya Madina", wallahi unaona mabega yakinyooka.

Akiuliza kwa nini tunatofautiana mwambie ukweli kwa lugha yake: ndani ya ngozi kuna vijumba vidogo vinavyotengeneza rangi inayoitwa melanini, watu wote tuna vijumba karibu sawa kwa wingi, ila vyengine vinatengeneza rangi nyingi na vyengine kidogo, na rangi hiyo inatukinga na jua. Na tafadhali, yale makrimu ya kung'arisha mtoto asiyaone bafuni kwako. Mengine yana zebaki, sumu inayoharibu figo, na ukijipaka halafu ukambeba mtoto inamfikia na yeye.

Hatua ya 5: Leso yake na jina lake

Ukifanya hatua moja tu kwenye mwongozo huu ifanye hii.

Kila mtoto wa kwetu amebebwa kwa leso, amefunikwa kwa leso, anaijua: pindo kuzunguka, mji katikati, na jina chini. Chukua kitambaa cheupe ama shuka kuukuu, kikubwa cha kumtosha kujifunga kifuani, pigia pindo kwa penseli. Rangi iwe ya kitambaa kama unayo, ama hata zile za hatua ya 4, ingawa zikifuliwa zinatoka.

Anza na mji. Mwambie, "hapa katikati weka kitu kimoja cha mwili wako unachokipenda." Kimoja tu. Atafikiri, wengine wanachukua muda mrefu, usimsaidie. Atachapa kiganja, ama atachora sikio, kuna aliyechora pengo, alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele na ilikuwa furaha yake kubwa. Kitovu pia kinapendwa sana, hata na wale ambao kitovu chao kimetokeza nje, na hapo hapo niwaambie wamama, vitovu vingi vya hivyo hurudi vyenyewe kufikia miaka 4 ama 5, ile ya kufunga sarafu haisaidii na inaweza kumletea mtoto vidonda, kama hakijarudi ama kimekuwa kigumu na kinauma mpeleke hospitali.

Pindo ni mapambo, hapo mwache arudierudie alama moja, chapa za vidole, mawimbi, samaki, korosho.

Halafu jina. Mtoto anatunga, wewe unaandika neno kwa neno anavyosema, usimpambie, usimnyooshee Kiswahili chake. Ukikuta anababaika muulize, "mwili wako ungekuwa na leso, ingesema nini?" Haya ni baadhi ya niliyowahi kuandikiwa: "Mato yangu yaona mashua mbali." "Miguu ni yangu nitakimbia." "Nywele zangu msivute." Hilo la mwisho lilitoka kwa mtoto aliyekuwa analia kila siku ya kusukwa na hakuna aliyewahi kumsikiliza. Mamake alipoisoma ile leso alianza kumsuka akiwa ameziloweka nywele na mafuta kwanza, tena kwa chanuo la meno mapana.

Ikikauka ajifunge atembee nayo nyumbani, na bibi aisome kwa sauti mbele ya watu kama zinavyosomwa leso za watu wazima.

Hatua ya 6: Hina, ila kwa tahadhari

Siku ya Idi mwache mtoto achague ua lake na mahali pa kuchorwa, na wavulana nao wachore mikono kwenye karatasi watie nakshi za milango yetu. Tumia hina ya majani peke yake. Piko, ile nyeusi, usimpake mtoto kabisa, ina kemikali ya rangi ya nywele inayoweza kumchoma na kumuachia mzio wa maisha. Na mtoto mchanga asipakwe hata hina ya kawaida, manake kuna wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya cha mwilini kinachokinga chembe nyekundu za damu, na pwani yetu yenye malaria tunao wengi, kwao hina inaweza kuzivunja chembe hizo.

Hatua ya 7: Mwili uchezwe

Piga tari ama ndoo, waige: kaa anatembea upande, punda amebebeshwa mawe na amegoma, mashua inapigwa na kusi, kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, kwa vijiti laini vya makuti. Hakuna anayekosea. Mtoto mnene anaweza kuwa ndiye mashua bora kuliko wote, na mtoto wa kiti cha magurudumu acheze kwa mikono na mabega, na wenzake wakae chini wacheze kwa mikono hivyo hivyo.

Hatua ya 8: Wanasesere wenye miili ya kweli

Ndara zilizotupwa ufukweni hazikosekani. Lile jahazi la Flipflopi lililozinduliwa hapa Lamu mwaka 2018 limejengwa kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa vipande vya ndara, waonyesheni watoto picha yake kwanza. Zioshe, wewe kata kwa kisu, mtoto apange na kushonea matambara. Tengenezeni mrefu, mfupi, mnene, mwenye mguu mmoja, mwenye miwani, mwenye mabaka. Wape hadithi za kawaida, mmoja amepoteza kiatu, mwengine anaenda kijiji cha Matondoni kwa babu. Asiwe mwenye mguu mmoja kila siku ndiye wa kuhurumiwa.

Hatua ya 9: Siku akisema "mimi mbaya"

Itakuja. Usikimbilie kumwambia "aa, wewe mzuri sana", ukifanya hivyo umemfunga mdomo. Kaa chini ulingane naye.

"Mama, mimi mbona mweusi?"
"Nani kakwambia, mwanangu?"
"Wale wa kule madrasa. Wamesema nimeungua kama mkate."
"Ulijisikiaje?"
"Nilitaka kulia."
"Njoo hapa. Hilo neno lauma. Wataka tulichore lilivyouma?"

Mpe mkaa na karatasi, akwaruze mpaka achoke, akitaka aichane. Hasira ikitoka ndiyo mtoe ile rangi yake ya tende mzungumze. Halafu wewe, mtu mzima, nenda ukaongee na ustadhi ama mwalimu, si kazi ya mtoto kupigana na darasa zima.

Makovu, ualbino na yale yanayotazamwa na watu

Mtoto aliyeungua na chai, aliyepasuliwa, mwenye alama, muulize kama anataka kutunga hadithi ya kovu lake. Akikataa muache. Akikubali, yeye ndiye anasimulia, na mfundishe jibu fupi la kuwapa wanaouliza njiani: "niliungua, nimepona". Ana haki pia ya kutojibu.

Mtoto mwenye ualbino mwambieni yeye na wenzake wazi: mwili wake unatengeneza melanini kidogo sana ama hautengenezi, amerithi kwa baba na mama wote wawili hata kama wao ngozi zao ni nyeusi, na hauambukizi. Michezo ya ufukweni kwake ni mapema ama jioni, mikono mirefu, kofia pana, krimu ya jua. Macho yake pia huwa hayaoni mbali vizuri na mwanga mkali unamuumiza, kwa hiyo karatasi yake iwe kubwa, mistari minene, na akae karibu nawe dirisha likiwa nyuma yake. Na rangi yake aitengeneze kama wengine wote kwenye kifuu chake.

Wakati michezo haitoshi

Kama mtoto anakataa chakula ili "apungue", anajikwaruza ama kujipaka vitu akitaka kubadilisha ngozi, ama ghafla amekataa kuvuliwa nguo, anaogopa mtu fulani, anachora jambo moja la kutisha kila siku, usimhoji kama askari na usimwambie ni muongo. Mshukuru kwa kukuambia, andika maneno yake kama alivyoyasema, mpeleke hospitali. Laini ya watoto Kenya ni 116, kupiga ni bure, na mzazi, mwalimu, jirani, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga.